Nilitumwa Moscow Kumrudisha Naomi

Wenzangu wa kikundi cha Alhamisi, tangu nirudi hamjanipa nafasi ya kuvuta pumzi. Kanisani mnaniuliza, njiani mnaniuliza, hata Mwanaidi, ambaye meza yake ya mboga pale sokoni Soni iko hatua tatu kutoka cherehani yangu, ameniuliza mara nne, na kila nikifungua mdomo anatokea mteja wa karoti. Nimeona niandike mara moja, mpeane, msome, kisha mniache nishone.

Mnajua nilitumwa nini, lakini nitalirudia kwa ajili ya wasiojua. Binti yangu Naomi alikwenda Urusi kusomea udaktari. Ukoo mzima wa baba yake ulikwisha kuzoea kusema "daktari wetu" kabla hajashika hata sindano. Kumbe sindano aliishika, ila si ile. Mwaka wa tatu aliacha udaktari akaenda kujifunza kushona mavazi ya jukwaani, na akakaa mwaka mzima bila kutuambia. Tulipopata habari, alikuwa tayari yuko kwenye majaribio ya kazi katika chumba cha washonaji cha ule ukumbi mkuu wa opera na baleti wa Moscow. Shemeji Elia, mkubwa wa ukoo, akaitisha kikao, na neno likatoka: mama yake aende amrudishe. Baba Naomi hakusema kitu. Mnamjua, akisema maneno kumi kwa siku ameshiba. Mimi nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilitumwa nikatumika kwa moyo wote.

Mambo ya pasi, viza na tiketi nayaruka. Yalinichosha mimi, sina haja ya kuwachosha na ninyi.

Kutoka Soni hadi Dar es Salaam

Basi lilitoka Lushoto kwa wakati wake, likanichukua Soni, na kona ya tatu ya kushukia Mombo tukasimama. Lori la kabichi lilikuwa limelala ubavu. Dereva wake mzima, hana hata mkwaruzo, kakaa juu ya jiwe anakula muwa, na kabichi zimetapakaa barabarani mpaka bondeni. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Watu wakashuka kusaidia kuokota, na nadhani zilizorudi kwenye lori hazikuwa zote.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mzee mmoja mwenye kofia ya sufu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akalitazama sweta langu.

"Safari ya wapi, mwanangu, na sweta lote hilo?"

"Urusi, mzee."

"Urusi kuna nini?"

"Mtoto wangu. Tulimpeleka akasome udaktari, yeye kaacha, anashona nguo za watu wa kucheza jukwaani. Naenda kumrudisha."

Akafikiri. "Umeshamwona anavyofanya kazi?"

"Nitamwona wapi, mzee, na yuko Urusi?"

"Mimi natoka Lushoto kwa kaka yangu," akasema. "Kwetu ni Magoma. Nilipanda huko kwenda kugombana naye, mambo ya mpaka wa shamba la baba. Nimefika namkuta yuko kitandani anaumwa. Nimemlimia wiki nzima. Hapa nilipo mgongo hauna hali, na ugomvi wenyewe sikuugomba."

Alicheka peke yake mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilimwona mzee asiyejua alichofuata, na nilijiambia mimi sitakuwa hivyo.

Kutoka Dar es Salaam hadi Istanbul

Uwanja wa ndege waliuchukua mkasi wangu. Mkasi wa kukatia, wa chuma, nilionao tangu Naomi yuko mgongoni. Nilikuwa nimeutia kwenye mkoba kwa mazoea, maana fundi hatoki bila mkasi kama vile ninyi hamtoki bila simu. Yule binti wa ukaguzi alinisikitikia, lakini hakunirudishia. Sindano na uzi wake hawakuviona, navyo vilinisaidia mbele ya safari.

Istanbul tulitakiwa kukaa saa tatu. Ikaja habari kwamba Moscow theluji imefunga uwanja, tukakaa kutwa nzima. Karibu yangu aliketi mama mtu mzima mwenye kitambaa kichwani na meno ya dhahabu, na mkoba wake ulikuwa umekatika mkanda. Anaufunga, unafunguka, anaufunga, unafunguka. Nilishindwa kuvumilia. Nikamnyang'anya, nikaushona. Hatukuwa na lugha hata moja ya kushirikiana, ila alinikumbatia, akakata mkate wake na jibini nyeupe yenye chumvi nyingi, tukala wote.

Nami nikaona si vizuri kula cha mtu bila kurudisha. Nikatoa gimbi langu la kuchemsha, mnajua rangi yake ya kijivu, nikampa. Akalinusa, akanishukuru sana, akafungua kimfuko chake cha mswaki na taulo, akalitia humo. Alidhani ni sabuni. Nilijaribu kumwonyesha kwa vidole kwamba linaliwa, naye akatikisa kichwa na kuonyesha kwamba ataogea akifika kwake. Mpaka leo nikimkumbuka bafuni nasikia haya kwa niaba yake.

Moscow

Sisi wa Lushoto tunajivunia baridi. Tukishuka Dar tunawacheka watu wa pwani wanaovaa koti mwezi wa sita. Nilipotoka mlango wa uwanja wa Moscow, ile baridi ilinishika pua nikadhani imekatika. Sweta langu la Shume, ambalo huku linawatosha wachunga ng'ombe, kule lilikuwa kama shumizi.

Naomi alinipokea. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, na nilikuwa nimepanga kuitikia kwa ukali, lakini sauti haikutoka nilivyoipanga. Amekonda. Mikono yake ina matundu ya sindano kila kidole, nikayaona kabla sijauona uso vizuri.

Kwake ni chumba kimoja, anaishi na binti wa Kirusi ambaye siku hizo alikuwa kwao. Alinipikia supu nyekundu ya bitiruti, halafu akaitia juu kijiko cha maziwa mgando. Kule kila kitu wanatia maziwa mgando. Nadhani ukikaa vibaya watakutia na wewe. Nilikula sahani mbili. Ndipo nikafikisha ujumbe wa ukoo, neno kwa neno, kama Shemeji Elia alivyonipa.

Naomi alisikiliza mpaka mwisho. Mtoto huyo sikumlea vibaya.

"Sawa, mama. Ila kesho twende ukaone kazi. Wewe ndiye fundi wangu wa kwanza. Ukikuta mshono wangu mbovu, uniambie, nitafunga mizigo siku hiyo hiyo."

Nikamwambia, "Haya. Umesema mwenyewe."

Mnanijua kwa kutafuta kosa kwenye nguo ya mtu. Nilijua safari imekwisha.

Chumba cha washonaji

Ukumbi wenyewe ni jengo jeupe lenye nguzo nene za mawe, na juu ya paa farasi wanne wa chuma wanakimbia na gari. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni "Mkubwa" tu, hawakujisumbua zaidi. Hatukupita mbele. Tulipita mlango wa wafanyakazi, ngazi na ngazi, mpaka chumba chenye cherehani nyingi na nguo zimening'inia kama mbuzi wa buchani.

Mkuu wa chumba hicho anaitwa Mama Galina. Ni bibi mwembamba, miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Nilipojua umri wake nilitaka kumwamkia, nikamwambia Naomi amweleze maana ya shikamoo na kwamba lazima aitikie. Tangu hapo kila tukikutana anasema "marahaba" kabla sijaanza.

Nikaomba kuona kazi ya binti yangu. Galina akaleta gauni fupi la kuchezea baleti, lile la sketi inayosimama pembeni kama sahani, tabaka juu ya tabaka za nyavu laini. Kiwiliwili chake alikishona Naomi. Sikuangalia nje. Nje kila fundi anajua kudanganya. Niligeuza ndani.

Ndani, karibu na vifungo, nikaona vipande vidogo vya kitambaa vimeshonewa, kimoja chini ya kingine, vimeandikwa kwa wino. Naomi akaniambia ni majina. Kila anayelivaa gauni jina lake linashonewa humo, na gauni likichakaa hawalitupi, wanabadilisha kilichokufa na kuacha kilicho hai. Gauni lile sketi ilikuwa ya zamani, kiwiliwili kipya, na majina wameyahamisha yote. La juu kabisa wino wake ulikwisha kuwa wa kahawia.

Galina aliona nimeyashangaa. Akavuta kiti, akaanza kunisimulia, Naomi anatafsiri huku anapiga pindo.

Alisema hapo mwanzoni, zamani za malkia wao, kulikuwa bonde la mto mdogo na matope. Ukumbi wa kwanza uliojengwa ukaungua. Na wachezaji wa kwanza wa mji ule hawakuwa watoto wa mabwana, walikuwa yatima. Katika nyumba ya kulelea watoto waliookotwa walileta mwalimu wa kucheza, na miguu ile isiyo na baba wala mama ndiyo iliyoanzisha baleti yao. Waimbaji wengine walikuwa watumwa wa mashambani, bwana anauza shamba na sauti ndani yake. Ukajengwa ukumbi wa pili mahali pale pale, juu ya magogo yaliyopigiliwa topeni. Huo nao ukashika moto, ukawaka siku kadhaa, zikabaki kuta na nguzo. Wakaujenga tena. Yakaja mapinduzi, wakubwa wapya wakauliza jumba la anasa la nini, nusura walifunge. Ikaja vita kubwa, bomu likaangukia mlangoni. Wachezaji wengi na nguo zao walikwisha hamishiwa mbali mashariki, na mafundi wakaziba tundu katikati ya baridi ile ile iliyonishika pua mimi.

"Na juzi hivi," Galina akaendelea, "kuta zilianza kupasuka. Chini ya shimo la wapiga muziki mtu fulani mwerevu alikuwa amemwaga zege, sauti ikafa. Wakaufunga miaka, wakatoa zege, wakarudisha mbao. Jumba hili limejengwa kama fidla. Linataka mbao."

Mimi nilikuwa nasikiliza, lakini macho yako kwenye mshono. Nilitafuta kosa kwenye kwapa, ambako wote wanakosea. Nikatafuta mwisho wa uzi. Nikakuta amerudi nyuma hatua tatu na kuuficha chini ya bitana, vile ninavyofanya mimi, na vile mama yangu alivyokuwa akifanya kule Bumbuli kwa taa ya chemli.

Nililirudisha gauni, nikasema nataka kwenda haja.

Kwenye mazoezi ya mwisho

Siku ya tatu Galina alinipatia nafasi ya kuangalia mazoezi ya mwisho, yale wanayocheza kila kitu kama vile watu wamejaa. Mlangoni wanakuvua koti wakupe namba. Ndani ni dhahabu na nyekundu, ghorofa juu ya ghorofa za viti, na taa katikati yenye vioo ambayo ikikudondokea hutazikwa, utafagiliwa. Nilikaa safu ya tatu. Nilikuwa nimebeba doti ya khanga mpya, nimekusudia kumpa Galina baadaye kwa wema wake.

Sasa lisikilizeni hili, maana ndilo mnalolingoja.

Binti akatoka jukwaani na lile gauni. Nililijua kwa kifua chake. Akaanza kuzunguka kwa mguu mmoja, anazunguka, anazunguka, na kila akigeuka nasubiri mshono wa kwapa uvute. Haukuvuta. Nguo ilikuwa mwili wake. Hakuna mtu mle ndani aliyekuwa anauangalia mshono ila mimi, na mimi nilijua mikono iliyoushona niliifundisha kushika sindano ikiwa na miaka sita. Furaha ikanipanda toka miguuni.

Huku kwetu mtu akicheza au akiimba vizuri hivyo unafanya nini? Unanyanyuka, unakwenda, unamfuta jasho, unamtunza. Kwaya ikituimbia vizuri Jumapili na wewe ukabaki umekaa, watu watasema una roho ya jiwe. Basi nilinyanyuka. Akili ilinifikia baadaye. Nikapiga kigelegele, nikakunjua khanga, nikashika njia ya mbele kwa mwendo wa madaha, kama tunavyokwenda, nikimfuata yule binti.

Nikafika kwenye ukingo, nikakuta shimo. Ndani ya shimo watu mia na fidla zao, wamenikodolea macho. Mwongozaji muziki amegeuka, kijiti kiko hewani. Muziki umekatika. Yule binti juu kasimama, anahema, na jasho linamtiririka kweli, na mimi na khanga yangu sifiki.

Bibi mmoja mlinzi wa viti akanishika mkono kwa adabu, akanitoa. Nyuma yangu nilisikia mwanamume akiuliza kitu kwa sauti kubwa. Sikuhitaji mkalimani. Alikuwa anauliza ni nani aliyemleta mtu huyu.

Naomi alinikuta kwenye ukumbi wa makoti. Ameitwa, amesemwa, na majaribio yake yalikuwa yamebakiza wiki mbili. Hakulia. Afadhali angelia.

"Basi, mama," akasema. "Umepata ulichokuja kuchukua. Tutarudi wote."

Wenzangu, nilisimama na namba yangu ya koti mkononi. Nilitoka Soni kwa ajili ya maneno hayo hayo. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, na wiki ile ile ningemshusha mtoto Mombo, ukoo ungenishangilia. Na moyo wangu ukaniuma kama nimefiwa. Ndipo nilipojua sitaki arudi.

Asubuhi yake

Nilikwenda kwa Galina. Nilichukua majani ya chai ya milimani kwetu, nusu kilo niliyokuwa nimemletea Naomi, kwa sababu huwezi kwenda kuomba radhi mikono mitupu. Shida ni kwamba wa kunitafsiria alikuwa Naomi mwenyewe.

"Mwambie kosa ni langu. Wewe hukujua."

Akatafsiri.

"Mwambie kwetu ndivyo tunavyomheshimu mtu anayefanya vizuri. Sikukusudia kuvunja."

Akatafsiri.

"Mwambie nimeshona miaka thelathini, na sina mwanafunzi aliyenipita ila huyu. Akimfukuza, atafukuza mkono atakaoutafuta asiupate."

Naomi akanigeukia.

"Tafsiri."

"Mama, siwezi kusema hivyo kujihusu mimi mwenyewe."

"Nimekwambia tafsiri!"

Akatafsiri huku anaangalia sakafu. Naamini alipunguza. Lakini Galina alikuwa ananiangalia mimi, na nadhani alisikia yote. Akainusa chai, akaiweka kabatini, akafunga kabati kwa ufunguo, kisha akasema:

"Jumba hili limeungua mara mbili. Limepigwa bomu. Halitaangushwa na khanga."

Akaeleza kwamba jana jioni alikwisha kwenda kwa mkubwa wa mazoezi. Alimkumbusha kwamba hapo zamani mchezaji akipendwa sana, vijana walifungua farasi wa gari lake na kulivuta wenyewe mpaka kwake. Kosa la mama wa Naomi, alimwambia, ni kwamba hakungoja mwisho. Naomi aendelee na kazi. Mama yake asionekane tena kwenye mazoezi.

Hukumu ya haki kabisa, sikukata rufaa. Na khanga? Yule mchezaji alituma mtu kuiulizia. Siku naondoka nilimwona kwenye korido amejifunga kiunoni juu ya soksi za sufu, anapasha misuli moto. Upande mmoja alikuwa ameuvaa ndani nje, nikamrekebishia.

Nyumbani

Kurudi hakukuwa na theluji wala lori la kabichi, kwa hiyo hakuna cha kusimulia. Nilifika Soni Ijumaa, Jumamosi Shemeji Elia akaitisha kikao. Nilikaa kwenye mkeka, Baba Naomi kwenye kigoda pembeni yangu, wazee kwenye viti. Nilieleza yote kama nilivyoeleza hapa, ila ile ya khanga niliifupisha.

Shemeji alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu, na ndilo nililokuwa naliogopa njia nzima. Kwetu mtoto akiacha njia aliyoombewa, haulizwi yeye. Anaulizwa aliyemfungulia mlango. Akikosekana, huyo mtoto ametoroka, na aliyetoroka hana kwao.

"Ni nani alimruhusu?"

Nikainua uso. "Mimi, shemeji. Nimemruhusu mimi."

Ruhusa ya mama peke yake kwenye ukoo wa baba ni mguu mmoja, na wote pale tulilijua hilo. Shemeji akafungua mdomo.

"Tulimruhusu wawili," akasema Baba Naomi.

Wazee wote wakageuka. Mimi nilitazama mkeka, maana Naomi hakuwahi kumwambia mume wangu neno, wala mimi sikumwambia. Shemeji alimwangalia mdogo wake muda mrefu, kisha akasema kama ni hivyo mngesema mapema mkatuokolea nauli, na akaagiza chakula.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, njia ya juu, kupita mashamba ya kabichi. Tulipofika mahali pasipo na mtu nikashindwa kuvumilia.

"Baba Naomi, umewadanganya wazee. Ulimruhusu lini?"

Hakusimama, na wala hakupunguza mwendo.

"Sikudanganya," akasema. "Nilimruhusu pale pale nilipokuwa nasema."